Fulana Alizofua Mwenyewe

Pasi ya mkaa inapopita juu ya koti la mtumba lililonyunyiziwa maji, inatoka harufu ambayo sijaikuta kwingine: dawa ya nondo, jasho la watu nisiowajua, na moshi kidogo. Hiyo ndiyo harufu ya baraza la nyumba yetu mjini Dodoma, zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa na marobota ya nguo za nje yalipoanza kumiminika sokoni na mafundi cherehani wakaona riziki yao inaondoka. Baba hakukaa kulalamika na wenzake. Aliweka vitambaa vipya kando, akaanza kupunguza makoti ya Wazungu wanene ili yakae kwenye mabega ya makarani na walimu wetu. Upepo wa kiangazi ulivuma tangu asubuhi, vumbi likaingia kwenye cherehani, kwenye uji na masikioni, na mimi, binti wa miaka kumi, kazi yangu ilikuwa kupepea mkaa na kuokota pini. Baba alisifika mji mzima kwamba akikupima mara moja kwa futi kamba yake, hutarudi tena kupunguza wala kuongeza. Majirani walimsifu kwa jambo jingine pia. Fulana zake alizifua mwenyewe, akazianika ndani, nyuma ya pazia la chumba chao. "Mwenzetu umeolewa na malaika," wanawake walimtania mama bombani, naye akacheka nao.

Kaka yangu Idrisa alikuwa na miaka kumi na sita. Kifua chake kilikuwa kimebonyea katikati, shimo la kuingia ngumi ya mtoto. Alipokuwa mdogo lilikuwa bonde dogo tu, lakini alivyozidi kurefuka nalo likazidi kuzama, na akipanda mlima mdogo alihema kama mzee. Shuleni walicheza mpira timu mbili, moja ya mashati na moja ya vifua wazi. Siku aliyopangwa vifua wazi, wenzake walimlaza chini wakammiminia maji kifuani waone kama yatakaa. Yalikaa. Tangu siku hiyo jina lake likawa Bakuli, na mpira akauacha. Nyumbani tuliambiwa sababu ya shimo lile inajulikana. Aliyeijua ni shangazi Zainabu, dada mkubwa wa baba, ambaye aliolewa Tabora baba akiwa bado mtoto wa madrasa, akarudi kwetu mjane. Kwa maneno yake, mama yetu, binti wa wakulima wa Busi kule Kondoa, alimbeba Idrisa mgongoni huku akitwanga uwele, na kila mchi uliposhuka, kifua laini cha mtoto kilijigonga kwenye mgongo. "Sisi watu wa mjini hatutwangi na mtoto mgongoni," alisema shangazi, mbele ya mama, mbele yetu. Mama aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Jioni moja Idrisa alisimama mlangoni mwa jiko akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, siku hizo ulikuwa unatwanga nini cha maana hivyo?" Mama alisogeza kuni motoni. Baba alikuwa barazani, hatua chache tu kutoka pale. Cherehani yake ilinyamaza, kisha ikaendelea.

Msimu huohuo daktari bingwa wa upasuaji alikuja kwa wiki chache katika hospitali moja ya misheni nje ya mji. Baba alimpeleka Idrisa, na mimi nikachukuliwa kwa sababu sikio lilikuwa linaniuma. Daktari alichora mbavu nyuma ya karatasi. Mbavu, alisema, haziungani moja kwa moja na mfupa wa kifua. Katikati kuna gegedu, kitu laini kama cha sikio. Kwa baadhi ya watu, wanaume hasa, gegedu hilo hukua kupita kiasi, na kwa kuwa halina pa kwenda, huusukuma mfupa ndani, au kwa wengine huutoa nje kama kifua cha njiwa. Angeweza kupasua, akakata gegedu lililozidi, akauinua mfupa, akaweka kipande cha chuma nyuma yake cha kuushikilia mpaka upone, kisha akakitoa. Idrisa alikuwa anameza mate. Sikuwahi kumwona akitaka kitu kiasi kile. "Mara nyingi hurithiwa," daktari akasema. "Mzee, katika ukoo wenu kuna mwingine mwenye kifua kama hiki? Kama yupo ningependa nimwone." Baba alikuwa amekunja kofia yake mapajani. "Hakuna, daktari," alijibu. Daktari akasema basi, wakati mwingine hutokea tu bila kujulikana kwa nini, na akaomba wazazi wote wawili warudi wiki inayofuata wapimwe kabla ya kupanga siku ya upasuaji. Hatukurudi. Baba alisema wateja wamezidi. Idrisa, aliyesikia kwamba ndani ya ukoo hakuna, alirudi kwenye sababu ya shangazi, akaacha kabisa kupokea chakula mkononi mwa mama. Sahani yake niliipeleka mimi.

Siku chache baadaye baba alimshonea fulana. Ilikuwa ya tabaka mbili, na kati yake alijaza pamba, nene katikati na nyembamba pembeni. "Ivae ndani ya shati, hakuna atakayejua," alimwambia. Idrisa aliivaa, na shati likalala juu ya kifua chake sawasawa, kama la mtu mwingine yeyote. Mimi ndiye niliyeshika pini siku ile yote, na ninajua kwamba baba hakumwita kumpima. Hata angempima, futi kamba haioni shimo. Hupita juu yake ikiwa imenyooka. Sasa kina chake alikijuaje? Swali hilo ndilo lililonipeleka nyuma ya pazia mama alipokwenda bombani. Fulana tatu zilining'inia mbichi, kila moja na mfuko wa pamba katikati, na moja ilikuwa ya zamani sana, pamba imegeuka manjano. Niliingiza ngumi yangu pale. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama mlangoni. Sikugombezwa. Alinitazama kwa macho ya mtu anayeomba, akasema, "Mwanaidi, hili libaki humu." Nikaitikia kwa kichwa. Nasema ukweli: nilijisikia mkubwa, kwamba mimi na baba tuna siri yetu.

Kabla upepo haujatulia, baba akashikwa na homa na kichomi. Siku ya pili mama alimwita tabibu wa mtaa, akaja na mpira wake wa kusikilizia kifua. "Vua fulana, mzee wangu." Baba akakataa. "Sikiliza juu ya nguo." Tabibu aliuweka mpira juu ya pamba ile, akakunja uso, akausogeza, akauweka tena. "Sauti iko mbali," alisema. "Twende hospitali wakupige picha." Baba akasema hapana, kesho ataamka. Mama alimsihi mpaka akapiga magoti. Mimi nilikuwa pembeni na birika la maji ya moto, nikijua kwa nini sauti iko mbali, na mdomo wangu haukufunguka. Siku ya nne alfajiri alikata roho, na fulana ikiwa mwilini.

Mficha maradhi, kilio humuumbua; nilimsikia jirani akilisema neno hilo uani, bila mwenyewe kujua anasema nini. Watu wawili wa msikitini waliingia kumuosha, na Idrisa, mtoto wa kiume wa kwanza, akaingia nao. Sisi wanawake tulisikia maji yakimwagika, kisha yakakoma kwa kitambo, kisha yakamwagika tena. Alipotoka mikono ya kanzu yake ilikuwa imelowa. Alipita katikati ya waombolezaji bila kumwangalia mtu mpaka mahali mama alipokaa, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ulikuwa unajua."

"Tangu siku ya harusi."

"Na ukakubali tukulaumu wewe?"

"Mke ni nguo ya mume, mwanangu," mama alisema. "Nguo haisemi ilichofunika."

Idrisa akalaza kichwa kwenye mapaja yake, akalia kama mtoto wa kubebwa. Shangazi aliuliza kuna nini, nani kafanya nini, na hakuna aliyemjibu, kwa kuwa aliyeosha maiti hatoi alichokiona. Shangazi alikufa miaka mingi baadaye akiamini habari yake ya mchi.

Mama alipomaliza eda alimpeleka Idrisa kwa daktari yule aliporudi tena, akamwambia ukweli. Idrisa akapasuliwa. Alilala wiki nyingi, chuma kikamkaa kifuani, kikatolewa, na leo ana kovu refu na pumzi ya kupanda milima ya Kibakwe, anakofundisha. Mwaka jana tulikaa tena mbele ya daktari, safari hii kwa ajili ya mwanawe, aliyepewa jina la baba yetu. Siku hizi hawapasui kama zamani. Wanatoboa kidogo ubavuni, wanapitisha chuma wakiangalia kwa kamera kwenye kioo, na kijana huyo amekwisha kuweka picha ya makovu yake kwenye simu watu wote waione. Siku ile daktari, binti wa umri wa wanangu, aliuliza swali lilelile: kuna mwingine kwenye ukoo? Idrisa alifungua vifungo vya shati lake mbele ya daktari na wauguzi, akaonyesha kovu. "Na babu yake pia," akaongeza, "ila alificha, na kuficha ndiko kulikomuua." Kisha akanigeukia kwa upole, kama anayenitoa kwenye hesabu hiyo. "Wewe Mwanaidi ulikuwa mdogo. Hukujua."

Daktari alikuwa ameshika kalamu anasubiri. Fulana ile ya pamba ya manjano iko kwenye sanduku langu tangu asubuhi ya msiba, nilipoitoa nyuma ya pazia kabla waombolezaji hawajaiona, na kila kiangazi naitoa, naifua mwenyewe, naianika ndani.

"Sikujua," nikamjibu.