Zamu ya Kufagia Kanisa

"Kwa hiyo kusema kweli ndiyo imekuwa dhambi yangu," Filemona alisema, akiubwaga mkoba kwenye kiti. "Wakili kaniuliza, nikamjibu."

"Alikuuliza uliingiaje nchi hii, mama. Habari ya kuvuka mara ya pili umeitoa mwenyewe mfukoni, na mikono unarusha, kama mtu anasimulia harusi."

Yaretzi, binti yake, alizaliwa papa hapa Madera, California, na mwezi uliopita alitimiza miaka ishirini na mmoja, umri ambao raia huruhusiwa kumwombea mzazi wake karatasi za kuishi. Filemona aliusubiri umri huo huku akipogoa mizabibu ya watu. Hakuwa anataka kasri. Alitaka apande ndege kama binadamu, aende kwao Oaxaca, ng'ambo ya mpaka, akamwone mama yake, Cirila, kabla macho ya kikongwe hayajazimika kabisa, kisha arudi bila kutambaa jangwani.

Wakili aliwaeleza kwa upole, na upole wenyewe ulikera. Aliyevuka mpaka kwa siri mara moja, pengine pana pa kushika. Lakini aliyekaa zaidi ya mwaka, akarudi kwao, halafu akavuka tena kwa siri, huyo akae nje miaka kumi kwanza, ndipo aanze hata kuomba msamaha. Akileta maombi leo atakuwa anajichongea tu.

"Na ulirudi kufanya nini?" Yaretzi hakuwa amemaliza. "Kufagia kanisa. Mwaka mzima unafagia kanisa na kupiga kengele, mimi mtoto wa miaka sita nimeachwa kwa shangazi."

"Kengele sikupiga. Kengele ni ya wanaume."

"Mama."

"Zamu iliangukia nyumba ya bibi yako. Kijijini kwetu nyumba isiyotumikia zamu inakatiwa maji, na makaburini haina nafasi. Ulitaka bibi yako azikwe barabarani?"

"Nilimtaka mama yangu."

Filemona alikunja mikono ya blauzi. Akawasha jiko, akabandika maharage ya jana. Chapati za mahindi zilikuwa bado hazijapata moto simu ilipolia. Alikuwa mdogo wake, Eleuterio, anapiga kutoka kijijini.

"Dada, mkutano umekaa Jumapili. Majina ya zamu yamesomwa, la kwako limo. Mwaka mzima, kuanzia Januari. Sasa mimi…"

Filemona alicheka kicheko kikavu. "Serikali ya huku inaniambia nitoke miaka kumi. Kijiji kinaniambia nije mwaka mmoja. Kaeni kwanza mkubaliane, mkimaliza mniite."

"Dada, subiri, mimi nimetumwa tu."

"Wewe siku zote umetumwa tu. Zamu ile niliyokuja kuitumikia ilikuwa yako, Terio. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile. Ukajituma kilabuni, nikaja mimi."

Yaretzi aligeuka. "Ilikuwa ya mjomba? Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nyamaza, naongea."

Upande wa pili jogoo aliwika, kisha Eleuterio akajikohoza. "Hukuniacha nimalize. Jina lako liliposomwa nilisimama. Nikawaambia waandike langu, kwamba nina deni la mwaka kwa dada yangu. Wamekubali. Wanangoja neno lako tu."

"Na pombe?"

"Mwaka wa nne huu sinywi. Muulize mama."

Filemona aliinama akapunguza moto. Kwa wakili hakuna kilichobadilika, hilo alilijua vizuri kuliko wote.

"Kufagia unajua?"

"Nitajifunza."

"Kwenye ngazi za madhabahu nta ya mishumaa inaganda. Ikwangue kwa kisu butu. Ukimwaga maji moto utaisambaza, wanawake watakusema mpaka Pasaka."

"Sawa, dada."

Yaretzi alikuwa amevuta kiti, ameketi karibu na jiko. Filemona akaiweka simu mezani, katikati yao, ili wote wasikie.

"Waambie nimekubali. Mimi na wewe tumemalizana, Terio, hunidai wala sikudai. Mpe mama simu."