Vidonge Chini ya Karoti

Kila asubuhi Libérata alivuka mpaka kwenda Goma na karai la karoti kichwani, na siku nyingine chini ya karoti alificha kidonge cha mdogo wake, Uwingabire, aliyeolewa upande ule. Vita vilipoingia mjini, kituo ambako Uwingabire alichukulia dawa za ukimwi kilivunjwa. Nyumba yake nayo ikaungua, kitambulisho ndani, kwa hiyo kuvuka kuja Gisenyi, upande wa dada yake, hakuweza.

Libérata alikuwa na ugonjwa huohuo, lakini dawa zake alizipata bila shida. Tangu utotoni waligawana kila kitu, hata kipande cha sabuni. Basi wakagawana na dawa: leo anameza yeye, kesho mdogo wake. Hakumwambia mtu.

Majuzi Wellars, muuguzi wa kituo cha afya, alimwita pembeni.

“Mama Akaliza, vipimo vimekuja. Virusi vimepanda sana. Dawa unakunywa?”

“Nakunywa, muganga.”

“Kila siku?”

Libérata aliangalia viatu vyake, kisha akasema yote. Wellars hakumgombeza, na hilo likamtisha zaidi.

“Hii dawa haiui kirusi, mama. Inamuzuia tu asizae. Siku ukikosa, anazaa, na katika watoto wake wanatoka wale dawa haiwawezi. Hao ndio wanabaki. Kwako sasa wamejaa.”

“Na kwa mudogo wangu?”

“Nadhani kwake pia. Bon, nitakupa dawa ingine. Hii ndiyo ya mwisho tuko nayo hapa. Ukiigawa tena, mutakufa wote wawili. Mulete yeye mwenyewe.”

“Hana kitambulisho. Na kutembea kumemushinda.”

Wellars alimkabidhi dawa mpya, akafunga kabati.

Kesho yake Libérata alivuka kama kawaida. Uwingabire alikuwa kibarazani, amejifunika kitenge juani, mifupa ya shingo imemtoka.

“Yaya, leo umekawia. Unatembea kama bibi arusi,” alimwambia dada yake mkubwa, akacheka mpaka kikohozi kikamkata.

Libérata alitua karai. Mdogo wake akaingiza mkono chini ya karoti, akapapasa mpaka chini kabisa.

“Iko wapi?”

Kinywani mwa Libérata uchungu wa kidonge cha asubuhi ulikuwa haujaisha.

“Leo haiko.”

“Na kesho?”

Libérata alichukua karoti moja, akaipangusa udongo kwa pindo la kitenge chake, akamwekea mkononi.

“Kula,” alisema.