Farasi wa Baba Mmoja

Siku niliyompa farasi dada asiyekuwa wake naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na marehemu mume wangu hakuchoka kunitania kwa hilo. Kaa nikusimulie. Umeniambia wiki ijayo unakwenda mnadani kwa mara ya kwanza kumshauri mtu anunue farasi gani, na kwenye simu yako nimeona umeshawapa farasi nyota, huyu tatu, yule tano, kama watu wanavyozipa hoteli. Sikucheki. Mimi nilikwenda na kitabu cha mnada kilichojaa alama za kalamu nyekundu, nikijiona mjuzi.

Baba yangu alikuwa saisi Nairobi, yaani mtunzaji wa farasi wa mbio. Alinifundisha kushika mguu wa farasi kabla sijajua kujisuka nywele. Alikuwa akisema macho hudanganywa na manyoya yanayong'aa, lakini kiganja kikipita gotini husikia joto. Nilipokuja Toronto nikakaa na kaka yangu Thorncliffe Park, kwenye maghorofa yale ambayo wenyeji wanasema zamani palikuwa na uwanja wa mbio. Niliposikia hivyo nikaona riziki yangu inaniita. Nikapata kazi ya kufagia mabanda ya farasi, nikapanda kidogo kidogo, na mwaka wa tatu watu walikuwa wakisema yule msichana Mkenya ana mkono. Sifa, mwanangu, ni tamu, na ukiwa na miaka ishirini na minne huna habari kwamba inalevya.

Sifa hiyo ndiyo iliyomleta Bi Shirin. Alikuwa mjane, Mhindi wa Moshi, mtu wa msikitini na mwenye Kiswahili safi, akiishi Markham na wanawe wawili waliokuwa wakifanya kazi za ofisini. Hakuwa mtu wa kamari. "Haramu ni haramu," alisema, "mbio nawaachia wenyewe. Mimi nataka kuzalisha." Alikuwa ameshapata shamba dogo nje ya mji, na alichokitaka ni jike mmoja mchanga mwenye nasaba nzuri, awe mama wa zizi lake. Wanawe waliona ni wazimu. Walitaka akae nyumbani acheze na wajukuu.

"Nikikosea farasi wa kwanza, Mariamu," aliniambia, "hawataniacha ninunue wa pili. Nitakaa kwenye kochi mpaka siku ya kuzikwa."

Uwezo wake ulikuwa wa farasi mmoja tu. Tukakubaliana kwamba akimpata, mimi ndiye nitakayeliendesha zizi. Kwa hiyo uzee wa yule mama na kazi yangu vyote viliwekwa juu ya ulimi wangu, na ulimi wangu wakati ule ulikuwa mwepesi.

Sasa sikiliza jinsi kitabu cha mnada kinavyosomwa. Kila farasi ana ukurasa wake. Juu kuna jina la baba na la mama. Chini ni habari za mama: watoto aliozaa, walishinda nini, kisha bibi mzaa mama na watoto wake, hivyo hivyo kurudi nyuma. Aliyeshinda mbio kubwa jina lake huandikwa kwa herufi nzito nyeusi, na wanunuzi hukimbilia weusi huo kama kuku anavyokimbilia mtama. Nilipata jike mmoja mwekundu wa mwaka mmoja. Nilimshika miguu yote minne, safi. Nilimtazama akitembea, anatupa mguu kama mtu anayejua anakokwenda. Ukurasa wake tu ndio ulikuwa mkavu. Mama yake alikuwa amezaa watoto wawili wasio na sifa, na weusi hakuna.

Lakini mimi nilijua jambo ambalo ukurasa haukulisema. Baba yake ndiye aliyemzaa jike mmoja mashuhuri ambaye kiangazi kile alikuwa akiwashinda hata madume, na kila mtu mabandani alimzungumzia. Nikalitafuta jina la yule bingwa ukurasani, juu mpaka chini. Halikuwapo. Unafikiri niliuliza kwa nini? Nilifurahi! Nikasema moyoni, wachapaji wamemsahau dada yake, na watu wote hawa wenye kofia na darubini hawajaona.

Nikwambie kwa nini sikushtuka. Nyumbani kwetu Pumwani baba alikuwa na wake wawili na watoto tisa, na neno "wa mama mwingine" lilikuwa haramu kama nyama ya nguruwe. Siku moja kaka yangu Hamisi alimtambulisha Zuhura kwa wageni kuwa ni dada yake "wa mama mdogo." Baba hakungoja wageni waondoke. "Baba yako nani?" "Wewe." "Baba yake Zuhura?" "Wewe." "Basi unamgawa nusu kwa kisu gani?" Hamisi hakula mchana ule. Sote tulikua tukijua kwamba mwenye baba mmoja ni ndugu, kamili, bila nusu. Na mpaka leo nyumbani kwetu ndivyo ilivyo, na ndivyo ninavyotaka iendelee.

Basi asubuhi ya mnada nikamvuta Bi Shirin pembeni, nikamnong'oneza kwamba yule mwekundu ni dada wa bingwa na hakuna aliyegundua.

"Dada yake kabisa?"

"Kabisa, Bi Shirin."

Alifungua kitabu cha mnada magotini. Kisha akachukua kalamu yangu nyekundu na kuwafuta farasi wengine wote tuliokuwa tumewachagua. Nakuambia ukweli, nilijisikia mrefu.

Nikaenda nyuma ya ukumbi, mahali farasi wanapozungushwa kabla ya kuingizwa ndani. Ndege zilikuwa zikipita chini chini kwenda kutua, na wale farasi wachanga wakiruka kila zinapovuma. Pale nikamkuta Mzee Karanja, saisi mkongwe aliyefanya kazi na baba Nairobi na sasa alikuwa akiwaongoza farasi wa watu kuingia mnadani. Nikampa shikamoo, na kwa vile mdomo ulikuwa unaniwasha nikamwambia siri yangu. Alicheka. Aliponiona sicheki, akaacha.

"Tumbo moja?" akauliza.

"La, baba mmoja."

"Basi si dada yake."

Nikadhani mzee amechoka. Akampa mwenzake kamba ya farasi aliyekuwa naye, akanikaribia. "Binti Juma, wewe unasoma farasi kama unagawa mirathi ya kwenu. Dume mmoja hapa anapandishwa majike mia na zaidi kwa mwaka. Watoto wake wote utawaita ndugu? Mnada mzima huu ungekuwa ukoo mmoja! Hapa undugu ni tumbo. Walionyonya kwa mama mmoja ndio ndugu, hata wawe na baba kumi. Wa baba mmoja ni majirani tu. Yule bingwa hawakumsahau kwenye ukurasa. Hana mahali pake pale."

Nilihisi masikio yanapata moto. Kitu nilichokiona kuwa siri yangu peke yangu, kila mtu pale alikuwa anakijua tangu utotoni, na ndiyo maana hakuna aliyekisema. Tena mnunuzi wangu hakutaka farasi wa kukimbia, alitaka mama wa kuzaa. Kwa mama wa kuzaa, tumbo alilotoka ndilo kila kitu. Siku watoto wa jike yule watakapouzwa, ukurasa wao utaanza na yeye na mama yake, na kwa mama yake hamna kitu. Nilikuwa nimemshauri Bi Shirin ajenge nyumba juu ya hewa.

"Umeshamwambia mtu?" Mzee Karanja akauliza. Nikageuka kuutazama mlango wa ukumbi, naye akaelewa. "Nani?"

Nikamwambia. Jike mwekundu alikuwa wa tatu kwenye foleni.

Sitakuficha nilichowaza, mwanangu. Niliwaza kunyamaza. Nilijiambia farasi mwenyewe ni mzuri, miguu safi, labda mambo yatakwenda vyema na hakuna atakayejua. Niliwaza zizi nitakalolikosa, na uso wa yule mama. Mzee Karanja alinisoma. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," alisema, "lakini wewe umeshajikwaa. Sasa inuka. Au unangoja baba yako aje kutoka Nairobi akuinue?"

Nilikimbia. Kufika ndani, foleni ilikuwa imesonga na jike mwekundu yuko jukwaani, mnadi anamwimbia bei kwa ule mdomo wao usiopumua. Bi Shirin alikuwa safu ya katikati. Nikapita juu ya magoti ya watu, sorry, sorry, wengine wakinikemea. Alikuwa ameshapandisha bei mara kadhaa. Mzee mmoja mwenye suti ya kijivu alikuwa amempita, na mnadi anamwangalia Bi Shirin, mkono umenyooka kwake, anangoja aitikie kwa kichwa.

"Bi Shirin, usipandishe," nikasema. "Nimekosea. Ni baba mmoja, mama mbalimbali. Hapa huo si undugu. Si dada yake."

Watu wa safu ya mbele waligeuka. Hawakuelewa Kiswahili, ila sauti ya mtu anayeomba msamaha haihitaji mkalimani. Bi Shirin alinitazama, akamtazama farasi. Mnadi akauliza tena. Akatikisa kichwa, hapana. Nyundo ikaanguka, na jike mwekundu akaenda kwa mwenye suti.

Nje, kwenye maegesho ya magari, ndipo alipoongea. "Nimewaaga wanangu asubuhi nikawaambia narudi na farasi," alisema. "Sasa narudi na nini? Umenifutia farasi wote kwenye kitabu kwa neno moja, Mariamu. Neno moja! Hukuuliza mtu?" Nilisema sikuuliza. "Kuuliza si ujinga. Uliogopa nini?" Nilimwambia kweli: sikuogopa kitu, nilidhani nimewazidi wote. Akaingia kwenye gari akafunga mlango. Nililia kwenye basi mpaka Thorncliffe, na kaka yangu aliponiuliza nikasema ni vumbi la nyasi kavu.

Jioni nilimpigia simu Zuhura Nairobi nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa. "Kwa hiyo mimi huko Kanada si dada yako tena?" Nikamwambia yeye ni dada yangu hata mwezini, ila farasi wana sheria zao.

Laiti kisa kingeishia hapo, ningekuambia tu ukweli unaokoa, ukalale. Lakini yule jike mwekundu alikimbia. Miaka miwili baadaye alishinda mbio kubwa, kisha nyingine, jina lake likaingia kwenye herufi nzito kwa miguu yake mwenyewe. Mbio za kwanza nilizitazama kwenye televisheni ya mabandani, na wenzangu walipokuwa wakishangilia mimi nilichukua ufagio nikatoka nje. Kama ningenyamaza, angekuwa wa Bi Shirin. Ukweli wangu ulikuwa umemnyang'anya farasi wa maisha yake.

Nikaona ni afadhali anitukane ana kwa ana. Jumapili nikapanda mabasi mpaka Markham, nikagonga mlango. Alifungua mwenyewe, mikono ina unga wa chapati.

"Nimeona," alisema kabla sijafungua mdomo. "Ingia, baridi inaingia."

Nilikaa mezani nikaanza kuomba radhi, nikachanganya maneno. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza, huku akisukuma chapati. Mwanawe mmoja alikuwa sebuleni, anasikia, ingawa alijifanya anatazama mpira.

"Ulijua atashinda?" aliniuliza.

"Hapana."

"Na yule mwenye suti, alijua?"

"Hakuna aliyejua, Bi Shirin."

"Basi unaniomba radhi kwa kazi ya Mungu? Lile ulilokuwa unalijua, uliniambia. Umechelewa, umeniaibisha mbele ya watu, lakini uliniambia. Miaka miwili hii wamenijia washauri wanne, wenye suti nzuri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia amekosea. Wote hawakosei! Sasa mimi nitamwamini nani?" Akajipangusa mikono, akatoa kitabu cha mnada wa mwaka ule kutoka juu ya jokofu, kipya, hakijafunguliwa, akakisukuma mbele yangu kati ya unga na samli. "Nimekungoja. Soma. Anza na mama."

Mwanawe sebuleni akapunguza sauti ya mpira.

Haya, mwanangu, huo ndio urithi wangu, na huhitaji mama mmoja wala baba mmoja nami ili uupate. Shika miguu, tazama mwendo, soma ukurasa, lakini kabla hujamdhamini farasi kwa neno, uliza neno hilo lina uzito gani kwa watu wa pale. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho moja, kisha ukirudi kwenu lifumbue. Ukiona kitu ambacho wajuzi wote hawajakiona, furahi baadaye, kwanza uliza. Na ukikosea, kwa maana utakosea, pita juu ya magoti ya watu ukaseme kabla nyundo haijaanguka, hata kama farasi yule atakuja kushinda. Siwezi kukuahidi kwamba ukweli utakupa farasi mzuri. Mimi ukweli ulinipa mtu wa kunisikiliza baadaye, na kwa kazi yetu hakuna mtaji mwingine.

Nenda na radhi zangu zote. Mungu akupe kiganja kinachosikia joto, jicho lisilolewa manyoya, na ulimi usioona haya kurudi nyuma. Na wale utakaowashauri, awajaalie wakungoje hata siku uliyokosea. Amina.