Kikohozi cha Jumatatu

Usiku ule nilipanda kitandani nikiwa bado naamini, kwa moyo wangu wote, kwamba Mwalimu Haule hakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa kazi zetu za fasihi, na kwamba karatasi zote tulizomwandikia alimpelekea mkewe akafungie bagia.

Msinicheke. Hata ninyi mngeamini. Shule yetu ilikuwa ya jioni, ya watu wazima, katika darasa la kuazima hapa Njombe. Madawati yalikuwa ya watoto wa darasa la pili. Ukikaa, magoti yanakuziba masikio. Mimi nilitoka kiwanda cha mbao na vumbi hadi kwenye kope, nimechoka kama gogo lenyewe. Na Mwalimu Haule hana habari. Jumatatu anatupa sura mbili za riwaya. Ijumaa anataka kurasa nne za fulskepu: wahusika, dhamira, na kila hoja na ushahidi wake kutoka kitabuni. Ukiandika hoja tupu anakuuliza mbele ya watu wote, "Ushahidi? Hoja bila ushahidi ni umbeya." Kila wiki. Mvua inyeshe, mtu afiwe, kazi ya wiki iko palepale. Kwa hesabu yangu niliandika fulskepu za kuezekea nyumba tatu na choo.

Na hazikurudi! Jumatatu alitusomea alama tu kutoka kwenye daftari lake dogo. Karatasi zenyewe, kimya. Wakati huohuo Mama Haule alikuwa anauza bagia pale getini.

Tumaini, muuza mitumba aliyekaa dawati la mbele yangu, ndiye aliyenifungua macho. "We Festo, huoni? Mume anakusanya karatasi, mke anafunga bagia. Unganisha mwenyewe."

Nikaunganisha. Ikakaa sawasawa kama mlango na fremu. Muhula haujaisha nimeshawatangazia wanafunzi wote, mlinzi, na mbuzi wawili wa mlinzi.

Kisha nikaamua kumjaribu. Ijumaa moja, katikati ya ukurasa wa tatu, mahali pa dhamira ya pili, niliandika: "Mwalimu, kama unasoma hapa, Jumatatu kohoa mara mbili."

Jumatatu akaingia na sweta lake la kijivu, akafuta ubao, akakohoa mara mbili. Halafu akakohoa tena, mara tatu. Nikamnong'oneza Tumaini, "Mbili na tatu ni tano. Hajasoma." Tukacheka mpaka dawati likalia.

Masika yalipoisha, kifua kilimchukua Mwalimu. Sikwenda kuzika. Niliwaambia watu kwamba kiwandani kuna oda kubwa. Kweli yenyewe ni kwamba sikuwa na macho ya kumtazamia mjane wake, mimi niliyemfanya mumewe kichekesho cha mji. Baadaye nilifanya mtihani, nikafaulu, cheti nikakitia kwenye fremu. Lakini kila nikikitazama kitu kilinichoma, kama kibanzi cha mbao chini ya ukucha: yule mzee alikufa akijua tulivyomcheka, au hakujua?

Basi usiku ule akaja.

Watu wengine wakitokewa na marehemu huonyeshwa dawa, au mpaka wa shamba, au hupewa baraka. Mimi niliona nipo kiwandani, nasukuma gogo kwenye msumeno, na upande wa pili hazitoki mbao. Zinatoka fulskepu. Nyeupe, zenye mistari, ndefu kama mbao za futi kumi na mbili. Nazipanga, zinazidi. Nageuka kumwita mwenzangu anisaidie na kiwanda hakipo. Nimekaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti masikioni, na Mwalimu Haule amesimama mbele yangu na sweta lake, chaki imechungulia mfukoni.

Ananyoosha mkono. "Kazi ya wiki."

Nakwambia nilikasirika hadi ndotoni nikatoka jasho. "Mwalimu! Mimi nimemaliza shule. Nina cheti, kiko ukutani."

"Nimekiona. Kazi ya wiki."

"Lakini Mwalimu, wewe umekufa!"

Ananitazama kwa utulivu uleule wa Jumatatu. "Hoja nzuri," anasema. "Ushahidi?"

Natafuta jeneza, natafuta udongo, natafuta wimbo hata mmoja walioimba siku ile. Sina. Mikononi mwangu mna vumbi la mbao tu.

"Hukuja kuzika," anasema.

Hakusema kwa hasira. Afadhali angenichapa.

Kisha anakohoa mara mbili. Ananitazama, anangoja. Nami nangoja ile mara ya tatu, nimeshika pumzi, na haiji. Ubao nyuma yake umekuwa ukuta wa jikoni. Mafuta yanachemka bila sauti. Mama Haule ameinama, anafunga bagia, na Mwalimu ananisogezea kifurushi.

"Soma."

Nakigeuza. Nakikunjua. Natafuta mwandiko wangu, natafuta wa Tumaini, hata herufi moja tu. "Hakuna kilichoandikwa, Mwalimu."

"Basi usinijibu mimi. Nenda kaulize."

Nikaamka. Alfajiri, baridi ya Njombe imekaa kifuani, na mke wangu ananiambia, "Wewe, unatafuta nini kwenye shuka?" Nilikuwa nimelikunjua lote.

Sikwenda kazini. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Haule. Alikuwa uani anaosha choroko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Festo wa mbao? Umepotea, mwanangu."

Nilikusudia kuzunguka kidogo, lakini nilijikuta nimeshamwaga yote: bagia, Tumaini, msiba niliokimbia, ndoto. Mbuzi tu ndio niliowaacha. Alinisikiliza bila kuinua kichwa. Nilipomaliza alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani, akatoka akiburuta sanduku la bati.

Fulskepu zetu zilikuwa humo, zimefungwa kwa kamba darasa kwa darasa.

"Kwa nini hakuturudishia?" nikauliza.

"Waliowatangulia waliwauzia wapya kazi zao, wakanakili. Akasema bora akae nazo."

Nilipekua mpaka nikaiona yangu. Ukurasa wa tatu. Palepale kwenye ujinga wangu palikuwa na mstari mwekundu, na pembeni mwandiko wake mdogo: "Nimesoma. Dhamira ya pili iko wapi?"

Nikakaa kwenye ndoo ya choroko. Bahati ilikuwa imefunikwa.

"Lakini Mama, alikohoa mara tano," nikasema, bado nang'ang'ania kama mtoto. "Nilihesabu. Na bagia..."

"Bagia nafungia karatasi za khaki, Festo. Tangu nianze. Angalia pale." Rundo la khaki lilikuwa juu ya kinu, jipya, halina hata alama ya kalamu. "Kazi zenu alizisoma zote, hata alipokuwa amelala hawezi kuinuka nilimshikia taa. Na Jumatatu ile alirudi hapa anacheka, ananiambia kuna mmoja kamwomba akohoe."

"Akasema nini tena?"

"Alisema alikusikia ukinong'ona, na ulizijumlisha vibaya. Mbili za kwanza zilikuwa zako. Tatu zilizofuata zilikuwa za kifua."