Tulimuaga Othmani Mara Tatu

Mwaka 2015, Othmani alituomba radhi msikitini hapa Mayfair, Johannesburg, akisema kwamba Desemba hiyo anarudi kwao Tanga. Tukamsomea dua ya safari, tukala pilau yake, tukamkumbatia. Januari tukamkuta safu ya mbele, anafuta miwani kama si yeye. Mwaka uliofuata hivyo hivyo, na 2017 vilevile. Pilau ilikuwa nzuri, kwa hiyo hatukulalamika sana.

Kilichomzuia ni zawadi. Othmani alikuwa bawabu katika jengo moja la chuo, Braamfontein, na aliapa kwamba mtu aliyekaa Sauzi miaka kumi na miwili hawezi kuingia mtaani kwao na begi moja. Alinunua mablanketi mazito, akawakumbuka mashangazi. Akanunua masufuria, akawakumbuka majirani wa mashangazi. Chumba kikajaa hadi akawa analala ubavu. Kila alipokaribia kuutosheleza ukoo, ukoo ulizaa.

Mwaka 2018 mkewe, Mwatumu, akampigia: binti yao Yasmin anaolewa Desemba. Othmani akajibu kwamba atampa mdogo wake uwakala kwa simu, aozeshe kwa niaba yake. Wengi hufanya hivyo.

"Mume wangu," Mwatumu akasema taratibu, "mwanao hataki walii wa simu. Njoo umshike mkwe wako mkono mwenyewe. Usipokuja, sitakuuliza tena unarudi lini."

Hilo la mwisho lilimnyima usingizi. Alikuwa amezoea kuulizwa.

Wiki hiyo Benita, mwanafunzi kutoka Lubumbashi, alijibanza kwenye mlango wa jengo alilolinda Othmani akisubiri mvua ikatike. Kumpitishia muda, akamsimulia aliyofundishwa asubuhi: shujaa wa Wagiriki wa kale aliyetoka vitani, akatangatanga baharini miaka kumi kabla ya kufika kwake.

"Kumi tu?" Othmani akauliza, kwa majivuno kidogo. "Na alibeba nini?"

"Hakuna kitu, Papa. Mashua yote ilizama. Alifika na nguo ya kupasuka, sawa muombaji."

"Mke akampokea?"

"Alimupima kwanza. Alimutega na siri ya kitanda yenye bwana alichonga ye mwenyewe."

"Eish," akasema Othmani.

Desemba hiyo hakutuaga. Ijumaa tukaiona nafasi yake tupu, tukadhani anaumwa, tukaenda kumjulia hali. Mwenye nyumba akatufungulia chumba: mablanketi yapo, masufuria yapo, mwenyewe hayupo. Niliudhika kwamba ameondoka bila pilau. Nilimwonea wivu pia, sitaficha.

Baadaye akanipigia kunisimulia. Alifika asubuhi ya ndoa yenyewe, na begi moja. Akaona haya kupita barazani palipojaa wageni, akazunguka hadi mlango wa uani. Mlango huo aliutengeneza yeye ujanani, akaupachika kombo, ikawa lazima uunyanyue kwa bega ndipo usukume. Akaunyanyua kwa bega, akasukuma kwa nguvu zake zote. Ukafunguka kirahisi mno, akaangukia magoti mbele ya wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu.

"Tulishautengeneza," Mwatumu akasema. "Zamani."

Othmani alikuwa analia, na hakuwa na kitunguu.

Mwatumu akamtazama, akacheka, kisha naye machozi yakamtoka. "Lakini ni wewe kweli," akasema. "Hakuna mwingine anayeunyanyua. Inuka, baba Yasmin, mkwe wako anangoja mkono."