Mke Mkubwa Alibaki Mazingara

Harufu ya pasi ya mkaa ikinipitia puani, hata leo roho inaniuma. Asubuhi ile pale kwetu Mazingara, Handeni, mimi ndiye niliyepuliza makaa, mimi ndiye niliyeinyoosha kanzu ya Babu mpaka mikunjo yote ikaisha, tena huku naimba. Babu alikuwa anakwenda Tanga kupima macho, na alishasema kwamba akitoka hospitali atapita kwenye jumba la makumbusho. Alisikia kuna picha za wakata mkonge wa zamani, na yeye ujana wake wote uliishia kwenye mashamba ya mkonge ya Korogwe. Alihitaji mtu wa kumshika mkono. Angekuwa nani kama si mimi? Msikitini nilimshika mimi, shambani mimi, chooni usiku nilimsindikiza mimi.

Basi nikaoga, nikajipaka mafuta, nikavaa gauni la Idi. Natoka uani, namkuta Mwanahawa, binti wa mjomba wangu aliyekuja likizo kutoka Masuguru, kule Korogwe mjini, naye kavaa gauni la Idi. La kwake lilikuwa na mkanda wa kung'aa. "Mke wangu," Babu akaniambia, maana kwetu babu humtania mjukuu wake wa kike kuwa ni mkewe, "wewe ndiye mke mkubwa. Baki ulinde nyumba. Huyu mdogo hatapiki kwenye basi." Lo! Ni kweli safari ya mwisho nilitapika, tena ndani ya kofia yake, lakini mtu mzima anayakumbuka mambo kama hayo ya nini? Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Pole, mke mwenzangu," akasema, "wanaume ndivyo walivyo." Mimi sikucheka. Nililivua lile gauni nikalitupa uvunguni, nikaenda kukaa jikoni kwenye moshi ili nikilia wasijue ninachokililia.

Walirudi kesho yake jioni, na Mwanahawa alikuwa mtu mwingine kabisa, hata kutembea alitembea taratibu. Kaona bahari. Kaingia mapango ya Amboni, popo wakampita juu ya kichwa. Kapanda ngazi za jumba la makumbusho, ngazi za mbao zinazolia kila ukikanyaga. Watoto wa majirani walimzunguka, na Bibi akamkalisha kwenye kigoda changu. Kigoda changu! Hayo yote ningeyameza. Kilichonishinda kumeza ni kile kisa cha kofia.

Alisema Babu alisimama mbele ya picha kubwa ya wakata mkonge, akaisogelea kwa macho yake mabovu mpaka pua ikakaribia ukuta. Mwanahawa akamsomea maandishi ya chini: hao ni Wanyamwezi. Sasa Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua, na mtani humpiti kimya, hata msibani. Babu akaipigia picha kelele. "Nyie wavivu! Tangu niwaache mko palepale, fungu hata moja hamjafunga?" Watu wakageuka. Mlinzi akaja mbio, kumbe naye Mnyamwezi, akamvua Babu kofia. "Umewatukana babu zangu mbele yangu, mzee. Kofia yangu hii, mpaka uikomboe kwa soda." Babu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Babu, sakafuni! Mimi niliyelala naye nyumba moja miaka yote sikuwahi kumwona akicheka zaidi ya upande mmoja wa mdomo. Na kofia yenyewe ilikuwa ileile niliyoitapikia, niliyoifua kwa mikono yangu.

Kisa hicho Mwanahawa alikisimulia kila likizo na kila harusi. Alikisimulia hata kwenye matanga ya Babu mwenyewe, watu wakacheka huku wanafuta machozi, na wakamshukuru. Mimi nilikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Juzijuzi nimekwenda Tanga kutembea, pamoja na binti yangu Rehema. Siku hizi lami ni nzuri, vidonge vya kuzuia kutapika vipo, na Mwanahawa anaishi hukohuko, kwa hiyo alitupokea na kutuzungusha. Bahari nimeiona. Popo nimewaona. Ngazi bado zinalia. Nilipofika mbele ya ile picha nikasogea karibu, nikasema kwa sauti ndogo, "Nyie wavivu." Aibu ikanishika. Kijana wa zamu akainua macho kwenye simu yake. "Mama, samahani, picha haiguswi." Ikawa ndiyo hivyo tu.

Hapo Rehema akauvuta mkono wa Mwanahawa. "Mama mdogo, simulia ile ya kofia." Hata mwanangu wa kumzaa! Mwanahawa akasimama pale pale aliposimama Babu, akakunja macho, akaanza, na wageni wengine wakasogea kumsikiliza. Nilitaka kumwambia anyamaze. Miaka yote hii nimetaka kumwambia anyamaze. Lakini Mwanahawa akinyamaza, Babu naye hacheki tena. Nikasogea mbele ya watu wote, nikasimama karibu naye kabisa, na alipofika kwenye sehemu ya mlinzi nikamwambia, "Usiruke pale alipokaa sakafuni."