Nusu Eka ya Tata Yoeli

Vestina Kahangwa alikuwa na mwaka wa tisa akiwa mtendaji wa kijiji cha Bugoroka, Muleba, na bado hakuweza kutulia. Barua alizisoma amesimama. Mpaka wa kibanja, yaani shamba la nyumbani, ukibishaniwa, hakungoja kuletewa maelezo. Alikwenda kuukanyaga kwa miguu yake. Mumewe aliwaambia wageni kwamba mke wake aliolewa na kijiji kwanza, yeye akafuata. Lakini kazi yake aliipenda, na aliamini kwamba jambo lililopigwa muhuri wa serikali limekwisha.

Mapema mwaka 2024 wataalamu wawili wa kampuni inayonunua kahawa ya chama cha msingi walipita kibanja kwa kibanja wakipima mipaka kwa kifaa mfano wa simu kubwa. Walieleza kwamba nchi za Ulaya zimetunga sheria: kahawa haitaingia kwao kama shamba ilikotoka lilikuwa msitu uliokatwa baada ya mwaka 2020. Vestina aliwatembeza mwenyewe bila wasiwasi. Vibanja vya Bugoroka vilikuwa na mibuni na migomba tangu enzi za mababu.

Mwezi wa sita, msimu ukiwa umeanza, Twaibu, karani wa chama, aliingia ofisini na karatasi mkononi.

"Wakulima wamepita wote, isipokuwa mmoja," alisema. "Tata Yoeli. Wanasema alikata msitu mwaka 2021."

Vestina aliisoma karatasi mara mbili. Aliujua huo msitu. Ilikuwa mikaratusi nusu eka nyuma ya nyumba, ambayo Yoeli, aliyeitwa tata, yaani baba, na kijiji kizima, aliipanda kwa mkono wake. Ilipoanza kunyonya maji hadi migomba ikanyauka, mzee alikuja kuomba kibali cha kuikata. Bwana misitu alikagua, Vestina akagonga muhuri, tena akampongeza. Yoeli akapanda mibuni mahali pale, na mwaka huu ndiyo kwanza ilikuwa inazaa.

Alimkuta Yoeli akianua kahawa, mzee wa miaka sabini na mitatu, aliyefiwa na mke, asiyependa maneno mengi. Alimsikiliza Vestina hadi mwisho.

"Wameonaje?" aliuliza.

"Kwa picha zilizopigwa kutoka angani."

"Na kibali hawakukiona?"

"Kibali hakionekani kutoka juu, tata."

Yoeli alifuta mikono kwenye suruali. "Nilikuja kwako kwa sababu wewe ndiye serikali. Kama kulikuwa na mwingine wa kuombwa, ungeniambia."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkosesha Vestina raha. Kesho yake alfajiri alikuwa njiani kwenda wilayani na nakala ya kibali ndani ya bahasha. Ofisa aliyempokea aliikagua sahihi kwa sahihi.

"Uko sawa kabisa. Hakuna sheria ya nchi iliyovunjwa."

"Basi waandikie."

"Niwaandikie akina nani, mama? Mamlaka yangu yanaishia kwenye mpaka wa wilaya."

Vestina hakurudi nyumbani. Alipanda gari la Bukoba, akatafuta ofisi ya kampuni ile kata ya Bakoba, akapelekwa kwa Joyness, binti kutoka Rubafu anayesimamia ramani. Joyness alimkaribisha kwa adabu, akatazama kibali, akakirudisha taratibu.

"Serikali haina shida naye, dada. Sisi pia hatuna. Mnunuzi wa kule ndiye mwenye shida, na yeye anaogopa sheria ya kwao."

"Kwa hiyo hii karatasi ni bure?"

"Hapa nchini si bure."

Vestina aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Alitaka kugombana, ila binti hakumpa sababu. Ndipo alipoikazia macho ramani kwenye kompyuta, ambako vibanja vilivyokataliwa vilitiwa rangi nyekundu. Kibanja cha Yoeli kilikuwa chekundu chote, eka nne, na nyumba ndani yake.

"Mikaratusi ilikuwa nusu eka. Mbona wekundu umefunika hadi kaburi la mkewe?"

"Kilipimwa kama kipande kimoja."

"Kikipimwa vipande viwili?"

Joyness alifikiri kidogo. "Cha zamani kitapita. Kile cha mikaratusi hakitapita, na kahawa yake isichanganywe na nyingine hata kiganja kimoja."

Njia nzima ya kurudi Vestina alibishana na nafsi yake. Kukubali kukigawa kibanja kulikuwa kukiri kwamba kibali chake hakikutosha. Kukataa kulikuwa kumpotezea mzee msimu mzima. Alipofika alimweleza Yoeli yote bila kupunguza.

"Nikikubali, nimekiri kosa?" Yoeli aliuliza.

"Hapana, tata. Kosa hukufanya. Umeokoa eka tatu na nusu."

Mzee akasema, "Pima."

Joyness alikuja wiki hiyo hiyo. Vestina alishika kifaa mwenyewe, akauzunguka mpaka wa zamani wa mikaratusi, visiki vikimwonyesha njia. Baada ya siku kumi na mbili, kipande kikubwa kilipita.

Kwenye mkutano wa kijiji aliwatangazia watu kwamba kuanzia sasa, mwenye kutaka kukata miti ili apande kahawa ajue kuwa ruhusa ya kijiji peke yake haitamfikisha sokoni. Dativa, mkulima asiyekosa mkutano hata mmoja, aliinua mkono.

"Hao wengine wenye kuruhusu, tunawapigia kura mwaka gani?"

Watu walicheka. Vestina hakucheka. "Hatuwapigii," alijibu, akaendelea na ajenda, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika na kila mtu alisikia.

Kabla mwaka haujaisha, habari zikaja kwamba Ulaya wamesogeza mbele tarehe ya sheria yao. Vestina alimpigia Joyness simu papo hapo.

"Waliwauliza ninyi kabla ya kuisogeza?"

"Hata sisi tumesikia redioni, dada."

"Basi nusu eka ya mzee irudishwe."

"Tarehe ndiyo imesogea. Picha ziko pale pale."

Tangu hapo ameiandikia halmashauri barua tatu, akiomba fomu ya kibali iongezwe mstari mmoja wa kumwonya mkulima kabla hajashika shoka. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Mbili bado anazifuatilia, na kila Jumatatu ofisi ya wilaya inamwona mlangoni.

Yoeli hakung'oa mibuni yake. Msimu wa 2025 aliichuma kahawa ya nusu eka ikiwa bado mbichi, akaichemsha na majani yenye harufu, akaianika ikawa akamwani, kahawa ya kutafuna ambayo Wahaya humpa mgeni kabla ya maneno mengine yote. Mzigo wa kwanza Dativa aliupeleka soko la Bukoba, ukaisha kwa siku mbili. Alipoleta habari, mzee alikuwa tayari amewasha moto chini ya sufuria ya pili.